Motokaa na Mwenyewe: Taa za Land Rover ya Zamani

Mji wa Kiriaini uko Mathioya katika Kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri, mahali ambapo barabara itokayo Murang'a mjini hukutana na ile iendayo Othaya. Nchi yenyewe ni ya migongo na mabonde: chai juu, kahawa chini, na barabara zinazopindapinda kufuata ubavu wa kilima. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka Nyandarua, na jua lichwapo hapana mtu aonaye mbali. Na saa hiyo ndiyo saa ya watu kutembea. Wachuma chai wanarudi kutoka vituo vya kupimia majani, watoto wanatoka dukani na unga, mzee anamswaga ng'ombe wake kando ya lami, na aghalabu wote wamevaa makoti ya rangi nzito. Dereva ajaye nyuma yao hana macho mengine ila taa zake mbili.

Miongoni mwa motokaa zinazopita katika nchi kama hiyo zimo bado Land Rover za zamani. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, na aina ya tatu ikatengenezwa tangu 1971 hata 1985. Wazee wa migongo hii walilijua kwanza katika miaka ya Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, likiwa gari la polisi na la mabwana wa serikali. Baadaye wakaliona likiwa na bwana shamba, kisha likawa gari la mkulima mwenyewe. Limedumu kwa sababu mbili: bodi yake ni ya aluminiamu, ambayo haili kutu kama bati la chuma, na karibu kila kipande chake hufunguka kwa spana. Lakini ndani ya bodi hiyo imo kamba ya nyaya ambayo wengi hawaitazami mpaka siku itoapo moshi.

Taa za gari kama hilo hazizimiki kwa siku moja. Hufifia polepole, mwaka baada ya mwaka, zikawa za manjano kama koroboi, na dereva huzoea. Siku atakapokoswakoswa kumgonga mtu ndipo aendapo kwa fundi na kusema, "Fundi, niwekee balbu kali zaidi." Fundi asiyetaka maneno mengi humwekea. Kwa wiki moja mwenye gari hufurahi, kisha swichi huanza kuwa moto mkononi, na harufu ya mpira unaoungua hutoka chini ya dashibodi. Balbu ya kwanza haikuwa na kosa lo lote. Umeme ulikuwa ukipotea njiani kabla ya kuifikia, na balbu kubwa inadai umeme mwingi zaidi upite katika njia ile ile mbovu.

Yafaa kuifuata njia hiyo. Katika Land Rover ya aina ya pili umeme wa taa kubwa hutoka katika betri, ukapanda hadi dashibodi, ukapita katika swichi ya taa, ukashuka hadi swichi ya mguuni iliyo kando ya klachi, ambayo hubadili taa za juu na za chini, kisha ukarudi mbele kwenye taa. Baada ya kuwasha balbu ni lazima umeme urudi katika betri, na njia yake ya kurudia ni bodi na chasisi yenyewe. Katika safari hiyo yote mna viungio vingi vidogo vyenye umbo la risasi, na kila kimoja kimevuta unyevu wa masika zaidi ya hamsini.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta ampea 9 na kitu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba na urefu wa mita 5 hula karibu robo tatu ya volti moja kwa mzigo huo. Kiungio kimoja tu chenye kutu kiasi cha sehemu ya kumi ya omu hula volti nyingine karibu moja. Mtu anaweza kusema volti moja katika kumi na mbili ni kitu gani. Kwa mwanga wa balbu ni kitu kikubwa sana, kwa maana mwanga haupungui sawasawa na volti bali hupungua upesi zaidi: volti ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa karibu theluthi. Ikipungua kwa sehemu mbili za kumi, zaidi ya nusu ya mwanga imekwenda. Wala umeme uliopotea haukutoweka bure. Umegeuka kuwa joto ndani ya swichi na viungio, ndiyo ile harufu.

Ugonjwa ulio mkubwa kuliko yote katika gari hili umo katika njia ya kurudia. Aluminiamu na chuma zikikutana penye maji huanza kulana, na kati yake hufanyika unga mweupe usiopitisha umeme. Taa kubwa imeungwa na bodi ya aluminiamu, bodi imefungwa kwa boliti za chuma juu ya chasisi ya chuma, na nchi ya chai haina uhaba wa maji. Ndiyo sababu dereva hukanyaga breki, na taa ya ishara ya upande wa pili ikawaka kidogo nayo: umeme umekosa njia ya kurudi, basi unarudi kwa njia ya jirani. Fundi mzuri huutambua ugonjwa huo kabla hajafungua sanduku la vyombo vyake.

Kwa hiyo kabla ya kununua cho chote, na ipimwe. Mita ndogo ya umeme yauzwa katika maduka mengi ya vifaa. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, fundi apime volti katika vichwa vya betri, kisha apime nyuma ya balbu yenyewe. Tofauti ya nusu volti yaweza kuvumiliwa; ya volti mbili haivumiliki. Kisha aweke ncha moja ya mita katika mwili wa taa na nyingine katika kichwa cha betri kilichoungwa na chasisi. Kama mita yaonyesha zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti, ubovu uko katika kurudi, na dawa yake ni waya mmoja mweusi kutoka kila taa hadi chasisi iliyokwanguliwa hata ikang'aa, ukakazwa kwa boliti na kupakwa grisi. Kazi hiyo ni ya nusu siku na gharama yake ni ndogo. Magari mengi hupona hapo, na mwenyewe hurudi nyumbani na fedha yake ya bonasi ya chai.

Lakini yako magari ambayo hayaponi hivyo. Waya ukikunjwa na ganda lake likavunjika kama jani kavu, umekwisha. Ukikatwa na shaba yake ikaonekana nyeusi badala ya kung'aa, umekwisha pia, maana weusi huo huingia mbali ndani. Kadhalika gari lililolala karibu na ghala ya mahindi lazima lichunguzwe kwa panya, ambao hupenda kula ganda la waya sawasawa na mahindi. Na gari ambalo mafundi watano wamepita ndani yake, kila mmoja na waya wake mwekundu na utepe wake, ni afadhali livuliwe lote. Kuongeza waya wa sita juu ya hizo tano ni kumtayarishia fundi wa saba moto. Neno la moto halikutumiwa hapa kwa mzaha: katika Land Rover fupi tangi ya petroli iko chini ya kiti.

Fungu la nyaya jipya laweza kupatikana kwa njia mbili. Uingereza viko bado viwanda vidogo vinavyotengeneza mafungu kamili kwa kila aina na mwaka wa gari, na mwagizaji hana budi kutaja kama gari lake lina dainamo au altaneta, na kama usukani uko kulia. Njia ya pili ni kununua nyaya kwa mita, kwa mfano katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ile iliyoitwa Grogan zamani, na fundi akalitengeneza fungu lenyewe juu ya meza akilifuata lile la kale. Njia hii ya pili ni halali kabisa, mradi fundi asinunue waya wa rangi moja kwa sababu ni rahisi.

Rangi ndiyo maandishi ya gari. Watengenezaji wa Uingereza, Lucas wa Birmingham akiwa mkuu wao, walishika desturi moja kwa miaka mingi. Kahawia ni waya utokao moja kwa moja kwenye betri, ambao hauzimwi na ufunguo wala haulindwi na fyuzi. Nyeupe ni waya uamshwao na ufunguo. Kijani umetoka katika ule mweupe ukapita kwenye fyuzi. Buluu ni wa taa kubwa: wenye mstari mweupe ni wa taa za juu, wenye mstari mwekundu ni wa taa za chini. Nyekundu ni wa taa ndogo na za nyuma. Kijani chenye mstari mwekundu ni ishara ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ishara ya kulia, na chenye mstari wa zambarau ni breki. Mweusi hurudi kwenye chasisi. Mtu aliyezijua hizo anaweza kulisoma gari usiku wa manane kwa tochi. Waingereza wenyewe humtania Lucas kwa kumwita Mkuu wa Giza, lakini kwa haki yake, giza jingi linalotupiwa jina lake lilitoka katika kutu na katika mikono ya mafundi waliokuja nyuma.

Kabla ya kufungua skrubu moja, betri ifunguliwe, na hapa pana mtego. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967 au karibu na hapo zilikuwa na upande chanya wa betri ulioungwa na chasisi, si upande hasi kama motokaa za leo. Fundi kijana aliyezoea Toyota huitazama betri, akaona kwamba "imefungwa kinyume", akaigeuza kwa nia njema. Gari lenye dainamo laweza kuvumilia kosa hilo kwa muda likisahihishwa. Gari lililowekewa altaneta halivumilii hata nukta moja, diodi zake hufa papo hapo. Basi na atazame kwanza ni kichwa kipi kilichoungwa na chasisi, akiandike juu ya karatasi na kuibandika ndani ya boneti kwa faida ya ajaye.

Kila waya ufungwe kibandiko chenye jina kabla ya kuondolewa. Fungu jipya lipite njia ile ile ya zamani, na kila tundu la bati lipitiwalo na waya litiwe pete ya mpira, kwa kuwa aluminiamu iliyokatwa ina makali ya kisu. Kwa taa kubwa waya usipungue milimita 2.5 za mraba. Hapo ile hasara ya robo tatu ya volti hushuka ikawa theluthi. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga kwa utepe havifai hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Kiungo kibanwe kwa koleo yake maalumu au kitiwe risasi ya kulehemu, kisha kivikwe mpira.

Neno la fyuzi lahitaji kuelezwa kidogo. Gari hilo la aina ya pili lilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikuwamo katika ulinzi wake hata kidogo: waya wa buluu ukigusa bati, utaungua wote. Katika kazi mpya taa kubwa zipewe fyuzi zake, wala isiwe moja kwa zote. Anayeweka fyuzi moja kwa taa mbili amejitakia giza kamili katikati ya kona siku fyuzi hiyo ikatikapo. Kila taa na iwe na yake, ya ampea 10, ili moja ikizimika nyingine imfikishe mtu kwake. Jambo jingine ni la kununua. Fyuzi ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35 maana yake ni kwamba hukatika kwa ampea 35, bali kazi yake ya kila siku ni nusu ya hiyo, yaani 17. Fyuzi za nchi nyingine zilizoandikwa 35 huchukua 35 mchana kutwa. Mwenye duka hatamwambia mtu tofauti hiyo, na nambari zinafanana. Juu ya karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, ambayo bado yaonekana ndani ya visanduku vya fyuzi, hapana la kusema isipokuwa itolewe.

Kitu kimoja ambacho gari halikuwa nacho linapozaliwa, na ambacho chafaa kuongezwa, ni rilei. Ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme mwingi wa taa hutoka karibu na betri, ukapita katika rilei na kwenda moja kwa moja mbele, bila kuzunguka dashibodini; swichi za zamani hubaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei tu, kwa umeme usiofika hata robo ya ampea. Zahitajika mbili, moja ya taa za juu na moja ya chini. Swichi ya miaka sitini iliyokuwa ikiungua sasa yaweza kudumu miaka mingine mingi. Rilei ya kawaida haijali upande chanya wala hasi, kwa hiyo hata gari la kale hulikubali jambo hili, mradi isiwe ya aina yenye diodi ndani.

Hapo ndipo ifikapo zamu ya taa zenyewe. Taa za Land Rover ni za mviringo, za inchi 7, na za zamani zilikuwa zimefungwa kabisa: kioo, kimulishi na waya wa ndani ni kitu kimoja, kikiungua chatupwa chote. Mahali pake panaingia taa ya kipimo hicho hicho yenye balbu ya H4, wati 60 juu na 55 chini, na balbu hiyo hupatikana kila mji. Lakini mnunuzi na atazame kioo. Kenya, kama Uingereza, magari hupita kushoto, na mwanga wa taa ya chini umekatwa ili uinuke upande wa kushoto, penye watu watembeao kandokando, na ulale upande wa kulia, penye gari linalokuja. Kioo kilichotengenezwa kwa nchi za kupita kulia hufanya kinyume chake. Humwacha gizani mchuma chai aliye kando, kikamtia upofu dereva wa lori linaloshuka. Ni nzuri kuangalia, ni nafuu kwa bei, nayo ni ya hatari.

Taa za LED nazo zimeingia sokoni kwa kishindo. Sifa yake ya kweli ni kwamba hula umeme kidogo. Lakini balbu ya LED ikitiwa ndani ya kimulishi kilichofanywa kwa balbu ya H4 mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, na katika ukungu mwanga uliotawanyika hurudi machoni mwa dereva kama ukuta mweupe. Atakaye LED anunue taa nzima iliyobuniwa hivyo, tena ya kupita kushoto, na kama gari lake lina chasisi ya chanya aulize kwanza, kwa kuwa nyingi hazifanyi kazi humo. Katika taa za ishara, LED hukifanya kile kifaa cha zamani cha kupepesa kiende mbio au kigome kabisa. Na ile taa ndogo nyekundu ya chaji iliyo dashibodini isiguswe: katika magari mengi yenye altaneta umeme wa balbu hiyo ndio uamshao altaneta, na LED haipitishi wa kutosha.

Mwenye dainamo ana hesabu moja zaidi. Dainamo ya kawaida ya gari hili hutoa ampea 22 na si zaidi. Taa kubwa zachukua kumi, ndogo zachukua karibu mbili, mtambo wa moto wa plagi tatu au nne, waipa mbili au tatu. Usiku wa mvua kilichobaki kwa betri ni makombo, na gari likipanda kilima polepole dainamo haifikii hata hizo 22. Basi anayetaka kuongeza taa mbili za kumulika juu ya paa, kwa sababu ameziona kwenye gari la watalii, na abadili kwanza kuwa na altaneta, au aziache kwa watalii.

Taa za nyuma hazina fahari, na hazipewi fundi mpaka polisi waulize. Ni hizo zimzuiazo dereva wa nyuma katika ukungu. Vishikio vyake vifunguliwe, vikwanguliwe, kila kimoja kipewe waya wake mweusi wa kurudi, na kioo chekundu kilichogeuka waridi kwa jua kibadilishwe.

Mwisho taa kubwa hulengwa. Gari lisimamishwe penye tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo sawasawa. Urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini upimwe na kuchorwa kwa chaki juu ya ukuta. Ukingo wa juu wa mwanga wa taa ya chini, mahali ulipo sawa, uwe sentimita 10 chini ya mstari huo. Skrubu za kulengea ziko katika pete ya taa, na kama zimeshikwa na kutu zipewe mafuta siku moja kabla. Kazi hii ifanyike jioni, gari likiwa limebebeshwa mzigo wake wa kawaida, maana Land Rover iliyolengwa ikiwa tupu, kisha ikajazwa magunia ya chai nyuma, huinua pua yake na kumulika vilele vya miti.